Turbo tatu, mlima mmoja: nilivyopata pumzi ya kuvutia kompresa Kitonga

Kazi yangu ni kupasua mwamba na kuchimba visima vifupi, kwa hiyo naishi na kompresa, mashine ya kubana hewa, ya magurudumu mawili nyuma ya gari. Yenyewe tu ina tani moja na nusu na ushee, bado vyuma na vijana wanaokaa nyuma. Gari ni mkonga, yaani Toyota Land Cruiser pikapu, HZJ75 ya mwaka 1994 yenye injini ya 1HZ: silinda sita, cc 4,164, farasi 130 hivi enzi za ujana wake, turbo (feni inayozungushwa na moshi wa injini na kuisukumia hewa zaidi) hakuna. Wenye mikonga wananielewa. Injini hii ukiipa dizeli yenye mchanga inalalamika kidogo inaendelea, ukichelewesha oili inakusamehe. Ila mlimani ina pumzi za mzee.

Kitonga, mlima wa barabara ya Dar kwenda Iringa, ndiyo ilinimaliza uvumilivu. Ukiwapita wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni barabara inaanza kujiviringisha ukutani, na mimi nilikuwa napanda gia namba mbili, kilomita 28 kwa saa, mguu uko sakafuni, nyuma yangu mabasi yanapiga honi na wapanda bodaboda wananipungia mkono. Ukitia namba tatu gari linakata tamaa kabla yako. Na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, injini isiyo na turbo inavuta hewa pungufu kwa asilimia 15 hivi ukilinganisha na Dar.

Nikaamua kufunga turbo. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, maana nilinunua kwa macho.

Nilipata turbo iliyotoka kwenye Fuso, kubwa kama kichwa cha mbuzi, bei ya kutupa. Muuzaji akaniambia, "Bosi, hii ikikohoa tu unapaa." Fundi kijana akachomelea flanji kwenye manifoldi, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, akafungua skrubu ya pampu ili dizeli iongezeke, tukaingia barabarani. Kwenye tambarare za Mikumi, nje ya hifadhi, ilikuwa raha tupu. Tatizo ni kwamba turbo ya injini ya lita zaidi ya saba inahitaji moshi mwingi ndipo izunguke. Kwangu ilianza kupuliza injini ikishafika mizunguko 2,600 kwa dakika. Sasa fanya hesabu: mlimani na tela mimi niko mizunguko 2,000. Yaani pale hasa ninapoihitaji, turbo imelala, lakini dizeli ya ziada inaingia. Dizeli bila hewa ni moshi mweusi na joto. Nilifika Ilula nimewapaka masizi abiria wa basi zima, na harufu ya chuma kilichoiva imejaa kwenye kebini.

Nikampelekea mzee mmoja wa gereji pale Iringa ambaye amezifungua 1HZ tangu zilipoingia. Hakugusa spana. Aliuliza, "Mwanangu, moshi wako una nyuzi ngapi?" Sikuwa na jibu. Akanifukuza nikatafute kipimo kwanza.

Kile kipimo cha joto la moshi ndicho kifaa nisichokijutia hata senti. Ncha yake ya kupimia inaingia kwenye manifoldi kabla ya turbo, siyo baada, kwa sababu moshi ukishapita kwenye turbini unakuwa umepoa na unakudanganya. Tulirudi mlimani na lile dude la Fuso. Kona ya tatu tu kilisoma nyuzi 740. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni yenyewe haifikii joto la moshi, maana oili na maji vinaipoza, lakini ukikaa huko dakika kumi unacheza na moto kwa maana halisi ya neno. Tena 1HZ inachomea dizeli kwenye vyumba vidogo ndani ya silinda hedi, na hedi ndiyo inayopasuka kwanza, katikati ya valvu. Mgandamizo wake wa hewa ndani ya silinda nao ni mkubwa, 22 kwa 1 na kitu. Ndugu yake 1HD-T, iliyotoka kiwandani na turbo, ina 18.6 kwa 1. Kwa hiyo 1HZ haitaki presha kubwa. Inataka kidogo, tena mapema.

Turbo ya pili ikawa CT26 iliyotoka kwenye hiyo hiyo 1HD-T, pamoja na manifoldi yake. Mzee alinifundisha kuikagua. Shika nati ya shafti kwa vidole viwili: ikicheza kidogo kushoto na kulia ni sawa, oili ndiyo inaijaza ile nafasi. Ikiingia na kutoka, iache hapo hapo mezani. Tuliacha mbili, tukachukua ya tatu.

Wiki ya kwanza ikatoa moshi wa bluu, nikajua nimeuziwa kanyaboya. Mzee akalala chini ya gari na tochi mdomoni, akatoka anacheka. Bomba la kurudisha oili kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, lilikuwa jembamba na limekunjwa kama shingo ya bata. Oili inayoingia kwenye turbo inasukumwa na pampu, inayotoka inashuka kwa uzito wake tu. Ikikuta kizuizi inapanda, inapita kwenye sili, inaungua. Tukaweka bomba la unene wa dole gumba, linashuka moja kwa moja. Moshi ukaisha siku hiyo hiyo.

Tukaibana presha kwenye psi 8, dizeli tukaipunguza mpaka moshi mweusi ukabaki wa kuchungulia. CT26 inaamka kwenye mizunguko 1,700. Kitonga ile ile, kompresa ile ile: gia namba tatu, kilomita 45, nyuzi 620. Nilipaka alama nyekundu kwenye 650 kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Sindano ikiigusa, napunguza mguu au nashusha gia.

Ya tatu siyo yangu. Rafiki ana mkonga wa HZJ79 wenye seti kamili ya Australia: turbo mpya, na interkula, yaani kipoza hewa ya turbo, mbele ya rejeta. Akaniazima Jumapili moja, nikaifunga kompresa. Kusema kweli ni tamu kuliko yangu: inapuliza mapema zaidi, ilipanda kwa kilomita 50, na joto lilikuwa chini ya langu kwa nyuzi 60 hivi, kwa sababu hewa iliyopozwa inaingia nzito. Lakini bei yake ningepata ng'ombe wanne wa maziwa na banda lao. Kama gari lingekuwa jipya ningekopa. Kwa gari la mwaka 1994, hapana.

Kuna kitu hakuna aliyenitajia kabla. Mwezi wa nne klachi ilianza kuteleza, ikabidi niweke ya kazi nzito. Na kushuka turbo haikusaidii chochote: niliporudi Dar na kompresa ile mara ya kwanza, nikiwa na kiburi cha mwendo mpya, breki zilinuka kabla sijafika bondeni. Sasa nashuka na ile ile namba mbili ya zamani, mabasi yapige honi yakitaka. Turbo ya Fuso bado iko kwa fundi kijana, amezuilia mlango wa gereji.