Giza la Ijumaa Kuu halikuwa kupatwa kwa jua

Kila Pasaka ikikaribia, ujumbe ule ule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya makanisa ya hapa Mombasa: giza la msalabani lilikuwa kupatwa kwa jua, na sayansi imethibitisha. Haijathibitisha. Elimu ya falaki ndiyo inayolikataa jambo hilo, na anayelitumia kuitetea Injili anaiwekea nguzo mbovu.

Kikwazo ni mwezi. Jua hupatwa pale tu mwezi unapopita kati yake na dunia, yaani mwezi wa zamani umekwisha na mpya bado haujaandama. Yesu alisulubiwa wakati wa Pasaka ya Kiyahudi, katikati ya mwezi wa Nisani, na miezi hiyo ilihesabiwa kwa kuandama kama ya Kiislamu. Jirani anayefunga Ayyamul Bidh, tarehe 13 hadi 15, anajua mwezi unavyokuwa siku hizo: mpevu. Jioni ya mwezi mpevu simama ufukweni Nyali uangalie baharini. Jua linatua mgongoni mwako, upande wa bara, na mwezi unachomoza mbele yako. Viwili hivyo vimekabiliana. Mwezi husogea kati ya nyota takribani nyuzi 13 kwa siku, kwa hiyo kutoka hapo hadi ulifikie jua unahitaji karibu wiki mbili.

Kikwazo cha pili ni muda. Injili zinataja saa sita hadi saa tisa, na hesabu yao ya saa ni hii hii yetu. Jua likipatwa lote, giza haliwezi kuzidi dakika saba na nusu mahali pamoja. Lilipopatwa Turkana tarehe 3 Novemba 2013, zilikuwa sekunde chache tu. Wengine hujibu kwamba tukio zima, tangu mwezi uliguse jua hadi uliachie, huchukua saa mbili au tatu. Ni kweli, lakini hata nusu ya jua ikifunikwa, watu huendelea na shughuli zao bila kutambua lolote.

Hoja hii si ya wapinga dini. Julius Africanus, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, aliyakataa maelezo ya kupatwa kwa jua kwa sababu hiyo hiyo ya mwezi wa Pasaka. Kuna pia wanaotaja kupatwa kwa jua kwa tarehe 24 Novemba mwaka 29. Kulitokea kweli, ila Novemba si majira ya Pasaka.

Maelezo ya kimaumbile yenye uzito kidogo ni vumbi. Majira ya kuchipua, upepo wa joto uitwao khamsini huvuma kutoka jangwani na unaweza kulififisha jua kwa saa kadhaa. Luka anasema jua lilipungua nuru yake, na hilo linaweza kuchukuana na vumbi. Udhaifu wake ni kwamba watu wa Yerusalemu waliuzoea upepo huo, na hakuna Injili inayoutaja.

Upande wa imani, mlango ni Amosi 8:9-10: Mungu atalitusha jua adhuhuri, na maombolezo yatakuwa kama ya kumlilia mwana wa pekee. Msomaji aliyeyajua maneno hayo, pamoja na giza la siku tatu kule Misri, alisikia hukumu na msiba mara tu Mathayo alipotaja saa sita. Anayeamini kuwa ulikuwa muujiza aseme muujiza, wala asiuvike jina la kupatwa kwa jua.

Liko tukio moja la angani lililohesabiwa vizuri: Ijumaa tarehe 3 Aprili mwaka 33, mojawapo ya tarehe mbili zinazopendekezwa zaidi za kusulubiwa (nyingine ni 7 Aprili mwaka 30), mwezi ulipatwa kwa sehemu na kuchomoza Yerusalemu ukiwa bado hivyo. Watafiti Humphreys na Waddington waliliandika mwaka 1983, wakalihusisha na mwezi kuwa damu katika hotuba ya Petro, Matendo 2:20. Mwanafalaki Bradley Schaefer akapinga: sehemu ya mwezi iliyobaki imefunikwa ilikuwa ndogo na anga bado ina mwanga, hivyo jicho tupu lisingeiona rangi hiyo ya damu. Hata ukimkubali Humphreys, huo ni mwezi wa jioni, jua likitua, baada ya giza kuisha. Unaweza kuutaja kwenye mafundisho ya Pentekoste, si kwenye ibada ya saa tisa ya Ijumaa Kuu.