Jaribio lililofaulu hata kiungo kikizimwa

Nilikuwa nimeandika jaribio dogo la mtandao wa kerneli ya Linux (kiini cha mfumo huo): skripti ya Bash inayounda nafasi mbili za mtandao zilizotengwa ndani ya mashine moja, inaziunganisha kwa veth (kama kebo ya mtandao, ila ya programu tu), kisha inapiga ping ya IPv6, yaani ujumbe mfupi wa kuuliza kama upande wa pili upo. Kila mara ilisema imefaulu. Nikafurahi, nikatuma.

Programu ya kukagua msimbo ikanirudishia mstari mmoja tu:

`local jibu=$(ip netns exec a ping -c 1 fd00::2)`

Chini yake nilikuwa napima `$?`, yaani namba ya matokeo ya amri iliyotangulia: 0 ikifaulu, nyingine ikifeli. Nilitaka kubisha, maana wakaguzi hawa wa mashine hupiga kelele nyingi zisizo na kichwa wala miguu. Safari hii ilisema kweli: `$?` ile ni ya `local` (amri inayotangaza jina la kuhifadhia jibu), si ya ping, na `local` hapo hurudisha 0. Nikazima veth kwa makusudi, nikaendesha upya. "Imefaulu." Aibu gani!

Dawa ilikuwa kutenganisha: `local jibu` kwanza, halafu `jibu=$(...)` mstari wa pili. Papo hapo jaribio likaanza kufeli kweli. Kerneli huchunguza kwanza kama anwani mpya ya IPv6 ina mwenyewe tayari, na ping yangu haikungoja. Nikaongeza `nodad`, inayoruka uchunguzi huo, kwenye `ip addr add` (amri ya kuweka anwani) za pande zote mbili, ikapita.

Nikiwa humo humo, nikarekebisha pia pale ambapo mashine haina veth: sasa skripti inatoka na namba ya matokeo 4, yaani jaribio limerukwa, badala ya 1, yaani limefeli.