Kazi ya Pili

Shalom wapendwa katika Bwana.

Wiki hii nimekuwa nikimlilia Mungu juu ya jambo ambalo kwa wengine litaonekana dogo. Kamati ya kwaya imeniomba niache kuimbisha. Wanataka nikae na vijana niwafundishe sauti, halafu Jumapili wao ndio wasimame mbele. Walisema kwa heshima, na mchungaji akaniombea. Hata hivyo, tangu jioni ile moyo wangu umekuwa mzito. Nalala nikijiuliza kama Bwana amemaliza kunitumia.

Katika hali hiyo nikajikuta kwenye Hesabu 8, sura ambayo wengi tunairuka tukikimbilia habari za wapelelezi. Bwana anamwagiza Musa kuhusu Walawi: waingie kazini wakiwa na miaka 25, na wakifika 50 wakome, wasiifanye tena kazi ile nzito ya hema. Kisha mstari wa 26 unasema watatumika pamoja na ndugu zao, wakiulinda ulinzi. Nilikaa na mstari huo muda mrefu. Mlawi wa miaka 50 harudishwi nyumbani. Mungu alikuwa amekwisha kumpangia kazi ya pili kabla hata hajaianza ile ya kwanza.

Naishi Nairobi, upande wa Barabara ya Ngong, na ukikaa huku raga utaijua tu, utake usitake. Uwanja wa raga wa RFUEA uko huku, klabu ya Impala iko barabara hiyo hiyo, na Jumamosi za mechi kelele zake hutufikia. Ndiyo maana nilipokuwa nikisoma habari za Walawi, aliyenijia akilini ni Benjamin Ayimba.

Wengi wenu mnamkumbuka. Aliichezea Impala, akawa nahodha wa timu ya taifa, akacheza hadi Uingereza katika klabu ya Cornish Pirates. Kisha akatundika daluga na kuwa kocha. Mwaka 2009 vijana wake wa raga ya wachezaji saba walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Dubai, baada ya kuwatoa Fiji. Na tarehe 17 Aprili 2016, siku ya Jumapili, huko Singapore, Shujaa, yaani timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji saba, walikutana na Fiji hao hao kwenye fainali wakawafunga 30 kwa 7. Hiyo ilikuwa duru mojawapo ya msururu wa dunia wa raga ya wachezaji saba, na Kenya haikuwa imewahi kushinda duru hata moja. Katika miaka yake yote ya kukimbia na mpira mkononi, Ayimba hakuwahi kulishika kombe hilo. Lilikuja wakati yeye amesimama nje ya mstari.

Nataka tukae hapo kidogo, nje ya mstari, maana ndipo Bwana aliponishikia wiki hii.

Raga ya wachezaji saba huchezwa dakika saba kila kipindi, na mapumziko ni dakika mbili tu. Vijana wanasimama kwa duara, wanahema, mikono imeshika magoti, maji yanawamwagikia shingoni. Kocha anaingia katikati yao. Hana nafasi ya hotuba. Anatafuta maneno machache ambayo mtu aliyechoka anaweza kuondoka nayo. Filimbi inalia, naye anarudi pembeni. Sasa fikiria mtu aliyekuwa nahodha akiwa pale pembeni. Analiona pengo upande wa kushoto kabla kijana hajaliona. Miguu yake inajua pa kupita. Anaona pasi inakwenda kuharibika, na haruhusiwi kuigusa. Alichobakiwa nacho ni kile alichokwisha kukipanda ndani ya wale vijana katika mazoezi ya asubuhi ambayo hakuna mtu aliyekuja kuyashangilia.

Wapendwa, hilo ni gumu! Ni rahisi sana kubeba mzigo mwenyewe kuliko kumtazama mwingine akijifunza kuubeba. Jumatano mazoezini binti mmoja alianzisha wimbo kwa sauti ya juu mno. Kufikia mstari wa pili nilijua watakwama kwenye kiitikio, na kweli sauti ya kwanza ikapasuka. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusimama na kuuanzisha upya. Roho Mtakatifu akanizuia kwenye kiti. Yule binti akanyamaza, akafumba macho, akatafuta sauti, akaushusha wimbo yeye mwenyewe, na kwaya ikamfuata hadi mwisho. Nilitoa machozi. Namshukuru Mungu kwamba sikumnyang'anya dakika ile.

Yohana Mbatizaji alipoambiwa kwamba watu wote wanamwendea Yesu, alijibu, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Angalieni vizuri sura ile ya tatu: siku hizo alikuwa bado anabatiza Ainoni. Aliyasema hayo mikono yake ikiwa bado na kazi, na furaha yake, anasema mwenyewe, imetimia.

Sasa niseme na wazee wenzangu, na mnivumilie. Ulikuwa mwenyekiti wa akina baba, au mweka hazina, au mwalimu wa shule ya Jumapili. Kiti kikapewa mwingine, na tangu hapo tunakuona kwenye harusi na mazishi. Ukija ibadani unakaa karibu na mlango, na ibada ikiisha unasimulia jinsi maikrofoni ilivyopiga kelele na jinsi matangazo yalivyokuwa marefu. Ndugu yangu, hao vijana wanaokukera ni nani aliyewafundisha? Wewe ndiye unayejua kiwanja cha kanisa kilinunuliwa vipi wakati hatukuwa na chochote. Wewe ndiye uliyekesha ukiombea watu ambao leo wanahubiri. Hayo yote umeyafungia kifuani kwa sababu hukupigiwa makofi siku ya kukabidhi. Tubu, rudi, tafuta kijana mmoja uanze naye. Na wewe uliyeng'ang'ania kiti mpaka leo, ukiamini kwamba ukiondoka kazi itakufa, nakuomba usome Hesabu 8 ukiwa umepiga magoti.

Muda wenyewe hatuumiliki. Baada ya Singapore ilikuja Olimpiki ya Rio, Shujaa wakapoteza mechi zao zote za makundi, na kabla ya mwaka kwisha timu ilikuwa na kocha mwingine, Innocent Simiyu, naye aliwahi kuwa nahodha wa Shujaa. Tarehe 21 Mei 2021 Ayimba alifariki Hospitali ya Kenyatta baada ya kuugua malaria iliyofika ubongoni. Alikuwa bado mtu wa makamo. Mwaka 2024 aliyewapeleka Shujaa kwenye Olimpiki ya Paris alikuwa Kevin Wambua, mchezaji mwingine wa zamani wa timu hiyo hiyo. Paulo, akiwa kifungoni na akijua siku zake zinakwisha, alimwandikia Timotheo kwamba yale aliyoyasikia kwake awakabidhi watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine.

Basi nimewajibu kamati kwamba nimekubali. Jumamosi saa nane mchana nitakuwa kanisani na vijana wa sauti ya tatu na ya nne. Sauti ya tatu iko sawa. Ya nne ina vijana ambao sauti zao zimevunjika juzijuzi na hawana mtu mzima wa kumsikiliza wakiimba. Kama uliwahi kuimba besi katika kanisa hili na pumzi bado unayo, nakusihi katika jina la Yesu, njoo ukae katikati yao.