Fomu ya Ridhaa na Jani la Isale

Mwezi Julai mwaka 2019 nilipanda kutoka Kiboriloni kwenda Old Moshi nikiwa na madaftari mawili, kinasa sauti nilichoazima chuoni na fomu kumi na mbili za ridhaa ambazo nilikuwa nimezitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya anthropolojia ya utamaduni katika chuo kikuu kimoja cha Ujerumani, na likizo yao ya majira ya joto ndiyo niliyopewa kwa kazi ya uwandani. Joto lenyewe nilikuwa nimeliacha hukohuko, kwa maana siku ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani na migomba ilikuwa ikidondosha maji tangu alfajiri.

Mada yangu ilikuwa mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, na hasa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachagga huipanda mpakani. Sikuipata mada hiyo nyumbani. Niliipata maktabani, katika kitabu kinene kuhusu sheria za Wachagga kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1926 na Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na baadaye akakaa miaka mingi huko huko Old Moshi, mahali alikozaliwa babu yangu mzaa baba. Mimi niliyekulia Arusha, ambaye Kichagga nakisikia zaidi ya ninavyokisema, nilikaa na kamusi nikijifunza kutoka kwa mchungaji wa Kijerumani maana ya mmea ambao bibi yangu alikuwa akiupanda nyuma ya jiko. Hadi leo sijui kama nilichokisikia siku ile kilikuwa aibu au hasira.

Wanafunzi wenzangu waliamini kwamba kazi yangu ingekuwa nyepesi kuliko zao kwa sababu nilikuwa nakwenda kwetu. Katika semina zetu tulisoma sana habari za Malinowski, aliyepiga hema lake miongoni mwa watu wa visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili ayaone maisha yao kwa karibu. Mimi sikuhitaji hema, kwani nilikuwa na mashangazi watatu, na yeyote mwenye mashangazi watatu anaelewa kwamba habari za mtafiti hufika kijijini kabla ya mtafiti mwenyewe.

Fomu zilikuwa na kisa chake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilikuwa imeanza kutumika Mei 2018, na ofisi iliyopitia andiko langu la utafiti ilitaka kila mhojiwa atie saini au dole gumba. Nilifahamu kwamba kanuni za maadili za Chama cha Anthropolojia cha Marekani za mwaka 1998 zilisema wazi kuwa kinachohesabika ni ubora wa ridhaa, si umbo lake, na kwamba si lazima iwe karatasi yenye saini. Nilifahamu, lakini nilinyamaza. Kibali changu cha kuishi nchini mwao kilitegemea masomo, na mwanafunzi mgeni hujifunza mapema ni mabishano yapi anayoweza kuyamudu.

Mzee niliyemwendea alikuwa mdogo wake babu, kitinda mimba wa familia yao, na ndiye aliyerithi kihamba cha wazazi kama desturi inavyotaka. Mzaliwa wa kwanza alikuwa amepewa chake. Babu yangu alizaliwa katikati, na waliozaliwa katikati walitakiwa kujitafutia, naye akajitafutia hadi Arusha. Habari hiyo niliiandika katika andiko langu chini ya kichwa kuhusu mirathi, kwa utulivu kabisa, kana kwamba nilikuwa nikieleza ukoo wa watu wengine.

Alinipokea vizuri. Nilimwamkia, akaitika, akaniita mjukuu wake, akaipokea sukari kilo mbili niliyomletea na kuagiza chai. Kisha nikatoa fomu. Alivaa miwani na kuanza kusoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari: "Mimi ninayetia saini hapa chini ninakubali kwa hiari yangu chuo kikuu kuhifadhi, kutumia na kuhamisha taarifa nitakazotoa kuhusu kihamba changu." Alirudia. Mara ya pili kidole kilisimama kwenye "kuhamisha", kikaruka maneno yaliyofuata, kikatua kwenye "kihamba changu".

"Nani amekutuma?" aliuliza.

"Chuo, Babu."

"Chuo hakijui kihamba hiki kinaishia wapi. Baba yako ndiye anayejua."

Nilianza kumweleza kuhusu utafiti, kuhusu siri za wahojiwa, kuhusu haki yake ya kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na wakili. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akanirudishia karatasi na kusema kwa upole kwamba chai ikiisha niteremke mapema kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja. Mvua haikuja hadi jioni.

Shangazi yangu wa Pasua alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka aliniuliza nilikuwa nimepeleka nini, nikamtajia sukari. "Sukari hupeleka mgeni," alisema. "Wewe ni mgeni pale?" Halafu akanieleza kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angekiona: mtoto wa ukoo uliokosa ardhi, aliyetoka ng'ambo, anauliza mipaka na kuomba dole gumba. Hata kuwa kwangu mwanamke hakukupunguza shaka. Wazee walikuwa wamekwisha kusikia redioni kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haikubali mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Baada ya siku tatu tulipanda pamoja. Shangazi alikuwa amebeba mbege, pombe yetu ya ndizi, katika kidumu cha lita tano, na mimi nilikuwa na jani moja la isale lililofungwa fundo, alilolikata mwenyewe kando ya ukuta wa bafu lake. Kurasa tatu za andiko langu zilieleza jani hilo: kwamba ndilo la kuombea msamaha, na kwamba anayeletewa hana budi kulipokea. Nilikuwa nimeziandika kurasa hizo bila kuwaza hata mara moja kwamba zinanihusu. Shangazi alionja mbege kwanza, akazungumza kwa Kichagga kwa muda mrefu, na katika daftari langu la siku hiyo mna mapengo mengi kwa sababu nusu ya maneno sikuyaelewa. Babu alilipokea jani, akalishika magotini bila kusema kitu mpaka kata ya kwanza ilipokwisha.

"Sasa uliza," alisema.

Niliwasha kinasa sauti, nikamweleza upya kwa maneno ya kawaida, naye akajibu kwamba amekubali ila jina lake nisiliandike. Ridhaa hiyo ya mdomo msimamizi wangu aliitetea baadaye kwa barua ndefu, na ofisi ikaikubali.

Kisha tuliuzunguka mpaka wote. Alinionyesha mahali palipokuwa na kahawa kabla hajaing'oa na kupanda parachichi, na mfereji mkavu uliokuwa mfongo wa ukoo, yaani mfereji wao wa kumwagilia. Katika kona ya chini kulikuwa na masale manne yaliyozeeka, shina limepinda, na hapo alisimama kwa muda. Aliniambia kwamba hayo yalipandwa na babu yangu mwenyewe, akiwa kijana, wiki chache kabla ya kuondoka kwenda Arusha. Baba hakuwahi kunisimulia hayo, na sidhani kama aliyajua.

Tuliporudi barazani aliiomba ile fomu. Aliigeuza upande mtupu, akaniamuru nichore kihamba chote, kila kona na masale yake, na jina la kila jirani, kwa kuwa wanawe walikuwa Dar es Salaam na hakuna aliyekuwa na haja ya kujua. Nilichora karibu saa nzima, akinisahihisha. Alipoikunja nilimwomba niupige picha mchoro huo kwanza. Alisema hapana, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo, nami nikafunga mkoba.