Mwajuma yule!

Jana nimeiangalia tena filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile ya 2021, pamoja na mashangazi. Mwajuma alipotokea tu, zogo lote sebuleni likakatika. Siti Amina, anayemwigiza, ni mwimbaji wa taarab wa hapa hapa Zanzibar. Kusimama mbele ya wapigaji na kuivuta sauti hakuanza kufundishwa na mwongozaji. Shangazi mmoja akasema, "Huyu haigizi, huyu ndo mwenyewe!"

Zipo filamu mtu anaitwa Bi Fulani wa Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe, akifungua mdomo lafudhi ya bara tupu. Hapo mimi hutoka, hata picha ziwe nzuri vipi. (Buibui halitoshi, jamani.) Wanaosaka waigizaji, kwa nini hawapiti kwenye vikundi vya taarab kwanza?