Jemedari kanguruma

Jana usiku mbwa wangu Jemedari alinguruma, nami nikafurahi. Miezi mitatu nyuma ningemtandika.

Mbwa kwetu Kitogani, Unguja, ni wa nje. Mama akisikia mbwa kalamba sufuria, ataiosha mara saba, moja kwa udongo, na muda wote huo ananitazama mimi, si sufuria. Lakini nguruwe wakiingia kwenye muhogo usiku, ni Mama huyohuyo anayeniamsha: "Mbwa wako wapi?" Paka wake hana shida na mtu. Analala jamvini, anakula chake, basi.

Jemedari nilipewa na mzee mmoja wa jirani, msasi wa siku nyingi. Sasa mbwa huyo kazeeka, akiamka asubuhi miguu ya nyuma haimtii. Nikaona nimtafutie msaidizi, nikaleta Pweza, mtoto wa miezi sita, ambaye jina lake mwenyewe alijitafutia: anamkumbatia kila anayepita. Alimrukia Jemedari mgongoni, akamvuta masikio, akamfuata mpaka alipolala. Jemedari akinguruma, mimi na fimbo. Nilimwona ana wivu. Baada ya wiki mbili akaacha kunguruma, nikajisifu kwamba nimemtia adabu.

Ijumaa moja nimetoka msikitini, nikawamwagia ugali na vichwa vya vibua kwenye sinia moja. Ndugu hula pamoja, si ndiyo? Sikusikia hata sauti. Nilichoona ni Pweza analia, sikio limechanika, na mimi kwa ujinga nikaingiza mkono katikati yao. Kidole gumba hiki kimeng'atwa, na mpaka leo sijui na yupi. Nilikiosha kwa sabuni na maji ya bomba robo saa nzima, kisha hospitali kuchomwa sindano. Mbwa wangu wamechanjwa, lakini kichaa cha mbwa dalili zikishatoka hakina dawa, sikutaka kubahatisha.

Yule mzee alikuja kunipa pole. Hakukitazama kidole. Alichuchumaa, akampapasa Jemedari taratibu mpaka kiunoni, na mbwa akageuka ghafla, meno nje.

"Anaumwa huyu. Na akinguruma unamfanyaje?"

"Nampiga, mzee."

"Umemkata ulimi, mwanangu. Mbwa ana mdomo gani mwengine wa kusema nipishe?"

Niliona haya.

Bwana mifugo akathibitisha kuwa ni nyonga, akatoa dawa ya maumivu, akanionya nisithubutu kumpa diklofenaki za Mama, kwa mbwa zile ni sumu. Siku hizi Jemedari anakula nyuma ya banda la mbuzi, Pweza anafungwa mwembeni na chombo chake, na wakimaliza naondoa vyote, hata kifuu kitupu. Asubuhi Pweza nakwenda naye shamba arudi kachoka. Jemedari ana gunia lake ukutani, halisogelewi. Kupendana sitarajii tena, na kusema kweli sioni kwa nini nililazimisha.

Sasa jana. Nasikia mngurumo, ule wa chini kabisa, kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Nikatoka na tochi. Pweza alikuwa kasimama hatua mbili kutoka kwenye gunia, mguu mmoja juu. Akageuza uso, akalamba pua, akaenda kujilaza kisimani. Jemedari akashusha kichwa. Nikazima tochi.