Basi Lilipotufia Memphis, Texas

Tiketi ya basi kutoka Dallas hadi Amarillo, kwa rafiki yangu, ilinila hela ambayo kwetu Kasulu ingenifikisha Dar na kunirudisha, na ya chipsi mayai pale Morogoro ingebaki. Dada yangu alinishauri nipande ndege. Nikamjibu kwamba sikutoka Kigoma kuja kuangalia mawingu, nataka kuiona Texas yenyewe. Basi nimeiona, tena kipande kimoja nimekiona mpaka nikakichoka.

Dada anaishi Princeton, kaskazini-mashariki mwa Dallas, Kaunti ya Collin. Sensa ya 2020 iliukuta mji huo na watu 17,000 hivi. Makadirio ya katikati ya 2024 yakausomea 37,000, na ofisi ya sensa ikautaja kuwa unakua kwa kasi kuliko mji wowote Marekani kati ya ile yenye watu 20,000 na zaidi. Wenyewe hawakusherehekea. Septemba 2024 halmashauri ilisimamisha nyumba mpya, maana maji, majitaka na barabara vilikuwa vimezidiwa. Zilizokwisha kuidhinishwa ziliendelea, kwa hiyo mtaani kwa dada misumari inagongwa tangu asubuhi mpaka jua lizame. Yeye anafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa mji wa pili, na anatoka nyumbani saa kumi alfajiri, si kwa sababu zamu inaanza mapema bali kwa sababu ukichelewa kidogo tu barabara ya 380 inakumeza. Upande mmoja jirani ni Mhindi wa mambo ya kompyuta, upande wa pili Mnaijeria mwenye malori mawili, mbele familia iliyouza kijumba California ikaja kununua jumba. Wa hapo hapo kwa kuzaliwa sikumwona, labda yule mzee wa posta.

Ukisikia Texas inajaa, ndiko huko inakojaa. Jimbo lina ukubwa wa karibu robo tatu ya Tanzania, na watu kama nusu yetu, milioni 31 kwa makadirio ya 2024. Kati ya sensa ya 2010 na ya 2020 liliongeza watu karibu milioni 4. Hakuna jimbo jingine lililoongeza idadi hiyo, na likazawadiwa viti viwili zaidi katika bunge la Washington, kutoka 36 hadi 38. Karibu nusu ya ongezeko ni watoto waliozaliwa humo humo. Waliobaki ni wahamiaji, wa majimbo mengine na wa nje. Katika kila watu wapya 20, kama 19 hivi si Wazungu. Kufikia 2022 makadirio yalionyesha Walatino wamewapita Wazungu kwa idadi, jambo ambalo redio ya shemeji ilikuwa bado inalijadili kwa hasira nilipofika.

Siku za Princeton sina la kusimulia. Nililala, nikala, nikaangalia fremu za mbao zikigeuka nyumba.

Basi lilikuwa na kiyoyozi cha kugandisha samaki, na soketi za kuchajia simu zote zimekufa. Wichita Falls nikanunua chupa ya soda. Rafuni imeandikwa bei moja, kaunta wanakudai nyingine, kwa sababu kodi huongezwa pale unapolipa. Sijui kwa nini nchi iliyopeleka watu mwezini inashindwa kuandika bei kamili kwenye karatasi. Dola tatu kasoro, kama shilingi elfu saba na ushee, soda ambayo hata haikuwa baridi.

Baada ya Childress tukasikia harufu ya mpira unaoungua, kisha moshi nyuma. Dereva, mama wa makamo mwenye sauti ya ukali na moyo wa huruma, akalikokota basi hadi kituo cha mafuta cha mji uliofuata, akazima, akasema: "Hapa ndipo mwisho wake." Mji unaitwa Memphis. Si ule wa Tennessee wenye muziki. Huu ni makao makuu ya Kaunti ya Hall, na wakati huo ilikuwa kama saa nane mchana.

Tukaambiwa basi la kutuchukua liko njiani. Kila tukiuliza liko njiani. Nikapiga namba ya huduma kwa wateja, ikapokea mashine, ikanishukuru kwa uvumilivu wangu kabla sijavumilia chochote. Baadaye tukaja kujua kwamba hilo basi lilikuwa bado halijaondoka Amarillo, mwendo usiozidi saa moja na nusu.

Nikiwa nimekaa kwenye kivuli cha jokofu la barafu, kijana mmoja Msomali akanitazama fulana yangu iliyoandikwa Kigoma, akaniambia, "Niaje buda, kumbe wewe ni wa TZ?" Karibu nimkumbatie. Kakulia kambi ya wakimbizi ya Dadaab, kamalizia Eastleigh, Nairobi, na sasa alikuwa anakwenda Cactus, mji mdogo kaskazini kabisa ya Amarillo ambao riziki yake ni kiwanda cha nyama. Binamu zake wako huko, na Waguatemala, na watu wa Burma. "Kazi ni ngumu, baridi ndani ni kama friji," akasema, "lakini Kiingereza hawakuulizi sana." Tukaamua kutembea kuingia mjini. Hatukutembea mbali.

Katikati kuna jengo la mahakama ya kaunti, maduka yamelizunguka pande zote. Maduka ni ya matofali, ya ghorofa moja na mbili, yamejengwa na watu waliokuwa na fedha na imani. Mengi hayana kitu. Kioo kimoja kimebandikwa tangazo la mnada wa mwaka uliopita, ndani kuna kiti cha kinyozi kimoja, kimegeuzwa kutazama ukuta, na juu ya mkono wake wa ngozi vumbi limelala kiasi kwamba ungeweza kuandika jina lako. Upepo tu ndio uliokuwa na shughuli. Yule kijana akasema, "Buda, hii town iko na watu kweli?"

Yuko mmoja, bibi wa Kizungu wa miaka themanini na kitu, anafagia mbele ya duka la vitu vikuukuu. Alitutazama, akatazama viatu vyetu, akauliza bila hila yoyote: "Nyinyi ni wa nyama?" Mwenzangu akajibu ndiyo. Mimi nikasema hapana, nimekuja kutembea. Hapo ndipo aliposhangaa. Watu weusi wa kigeni wanaopita kwenda kwenye machinjio ameshawazoea, lakini mtalii Memphis? Akatuingiza ndani, akatupa chai baridi yenye sukari ya kuua, na akaanza kuongea kama mtu aliyesubiri basi letu liharibike.

Babu yake alikuja kwa pamba. Kila mtu alikuja kwa pamba. Jumamosi za utoto wake, anasema, ulikuwa huwezi kuvuka uwanja ule bila kugusana mabega na watu, wavunaji wamelipwa, na maduka hayafungwi mpaka usiku. Kisha yakaja matrekta, kisha mashine za kuvuna, na shamba lililohitaji familia ishirini likahitaji mtu mmoja na fundi wake. Nilipofika kwa rafiki yangu nilizitafuta takwimu, na bibi hakutia chumvi: Kaunti ya Hall ilikuwa na watu karibu 17,000 mwaka 1930. Sensa ya 2020 ilihesabu 2,825.

"Watoto wako wako wapi?" nikamuuliza.

"Watatu. Wote wako huko huko ulikotoka wewe, mzunguko wa Dallas. Mmoja ananiambia barabara zao hazipitiki." Akacheka. "Mwambie dada yako huku kuna barabara."

Na nyumba je? Akatuonyesha ya upande wa pili, yenye vyumba vinne na baraza pana. Bei aliyoitaja ni ya gari lililotumika. Nikafikiria mkopo wa dada wa miaka thelathini, nikamwuliza kwa nini watu wa Princeton hawahamii hapa. Bibi akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali ambalo jibu lake liko ubaoni. Wafanye kazi gani? Wajifungulie wapi?

Jimbo lina kaunti 254. Kati ya 2010 na 2020, muongo ule ule wa kuongeza milioni 4, kaunti 143 zilipungukiwa. Iko moja huko magharibi, Loving, ilihesabiwa ikiwa na watu 64, yaani pungufu ya abiria wa basi moja la Kigoma siku ya sikukuu. Mtu anayetangaza kwamba Texas inajaa na mtu anayelia kwamba Texas inakufa wote wanasema kweli, inategemea wamesimama upande gani wa barabara namba 287, hiyo iliyotupitisha na basi.

Nilitaka kumhurumia bibi, na nilimhurumia, ila na mimi nina hesabu zangu. Mji wake ulianzishwa karibu na mwaka 1890. Miaka kumi na tano tu kabla ya hapo nchi yote hiyo ilikuwa ya Wakomanche, wakaondolewa kwa vita vya 1874 na 1875, farasi wao wakachinjwa kwa mamia ili wasiweze kurudi. Kwa hiyo hapo mahali pamejazwa mara moja na kuachwa mara mbili, na waliopaacha kwa mara ya pili angalau walichagua wenyewe. Hilo sikumwambia. Nilikuwa nakunywa chai yake.

Nilichomwambia ni habari za kwetu, maana aliuliza kama na vijiji vyetu vinaisha hivyo. Haviishi, bibi. Hapo ndipo tunapotofautiana. Vijana wetu wanakimbilia Dar, na Dar imefika watu milioni 5.4 kwa sensa ya 2022, lakini kijiji nacho kinajaa nyuma yao. Nchi nzima ilitoka milioni 44.9 mwaka 2012 hadi milioni 61.7 mwaka 2022, na zaidi ya asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Shamba la marehemu baba lilitulisha sote na mihogo ya kuuza ikabaki. Sasa kaka zangu wamegawana, na wao wana watoto, na sehemu ya mdogo wetu ukisimama katikati na jembe mkononi unakaribia kumgonga jirani. Shule niliyosoma ina darasa la kwanza ambalo mwalimu hawezi kujua majina yote kabla ya muhula kwisha. Bibi alisikiliza, akasema shule yao wanahangaika kupata wachezaji wa kutosha timu ya mpira. Tukanyamaza kidogo wote watatu. Ingewezekana kubadilishana, ningempa darasa zima la Kasulu kwa ile nyumba ya vyumba vinne, na ninadhani angekubali kabla ya mwanawe wa Dallas kusikia.

Basi la akiba lilikuja giza limeshaingia. Kampuni ikatufidia kwa vocha, si fedha: punguzo la safari ijayo, kwa njia hiyo hiyo.

Rafiki yangu wa Amarillo alinisubiri kituoni na gari lake, amevaa bado buti za kiwandani. Yeye ni Mkongo wa Fizi, tulicheza mpira pamoja wakati familia yake ikiwa kambini Nyarugusu. Aliingia kule mtoto, akatoka na mke na watoto wawili. Sasa wamefika sita, wanne wazaliwa wa Texas. "Tuko bengi huku, ndugu," akaniambia, na Jumapili nikaona: ibada ya Kiswahili, kwaya tatu, na mchungaji akitangaza watoto wachanga mmoja mmoja mpaka nikapoteza hesabu. Wakati huo kiwanda kilikuwa kinachinja ng'ombe usiku na mchana, na bila watu hawa visu vingelala. Mji umevuka 200,000, uko peke yake katikati ya kaunti zinazopukutika.

Nikamsimulia ile nyumba ya Memphis na bei yake. Macho yakamtoka, kwa sababu kodi ya nyumba anayokaa inamnyonya. Akapiga hesabu kwa sauti mezani, mafuta ya gari, muda wa njiani, zamu ya usiku, mkewe akimsikiliza huku anamenya viazi. "Na watoto utawapeleka shule gani huko, baba?" mkewe akauliza, na hesabu ikaishia hapo.

Kurudi Dallas nilipanda ndege, dada akalipa, akanisema njia nzima ya kutoka uwanjani, na kwa foleni ya 380 njia nzima ni ndefu. Ile vocha nimemwachia rafiki yangu. Ina masharti ya mistari kumi na nne kwa herufi za sisimizi, na haitumiki siku za sikukuu.